Debe la Pombe Tulilopeleka Murungu

Mimi ndiye niliyemshawishi baba akate bima. Ilikuwa 2013, nimetoka chuo, sina ajira, na kazi yangu kubwa pale Kibondo ilikuwa kubishana. Baba alikuwa na mashine ya kusaga. Nikamwambia mteja akiumia, ndugu zake watakudai wewe.

"Kwani mimi nasaga watu?" akacheka.

Nilimsumbua mpaka tukaenda Kasulu kwa wakala, tukachukua bima ya dhima, ile inayolipa mtu mwingine akiumia kwenye biashara yako. Baba hakujua kusoma. Nilimsomea mkataba, akaweka dole gumba.

Mwaka uliofuata mkanda wa mashine ulikatika, ukamvunja mkono mama mmoja wa kijiji cha Murungu.

Baba hakungoja. Kwetu ukimuumiza mtu, hata kwa bahati mbaya, unakwenda kwao kabla hujaitwa, na pombe ya ndizi, unakaa chini na kusema nimekosa. Usipokwenda, umetangaza uadui. Tulikwenda wawili, na debe la pombe. Kaka wa yule mama akaonja.

"Hii haijaiva, mzee. Ulikuwa na haraka."

Watu wakacheka, baba naye, nikajua tumesamehewa. Kisha wakataka iandikwe kwamba kosa ni la baba na matibabu ni juu yake. Nani aandike? Msomi yupo. Niliandika kwa mwandiko mzuri, baba akaweka dole gumba tena.

Karatasi hiyohiyo niliipeleka kwa wakala, eti ushahidi. Akaisoma, akafungua ukurasa wa mwisho wa mkataba: mwenye bima asikiri kosa wala kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Akikiri, kampuni hailipi.

"Si wewe ndiye msomi?" akaniuliza. "Hapa hukufika?"

Nilifika. Siku ile nilihoji kila kitu, hata muhuri wao. Kifungu hicho nilikiruka, nikidhani kimewekwa kwa ajili ya matapeli.

Nyumbani baba aliniuliza, "Kwa hiyo nilitakiwa nikae hapa, nimnyamazie?"

"Ndiyo, baba. Mpaka wakuruhusu."

"Na hicho ndicho ulichonipeleka Kasulu kununua."

Mashine iliuzwa, yule mama akatibiwa. Mkono haujanyooka. Siku hizi baba anasagisha mahindi kwa mtu mwingine, anapanga foleni kama wote. Gunia nabeba mimi.