Rotinik Nilizochemsha

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni swali moja: je, nimeziua rotinik za Kogo?

Enzi zetu (najua, nina miaka ishirini na sita tu, lakini niacheni) jikoni kwa nyanya yetu, tuliyemwita Kogo, hapa karibu na Chepilat, kulikuwa na harufu tatu: moshi, maziwa ya kibuyu, na asali inayochacha. Tulitoka kuchuma majani chai vidole vikiwa vyeusi, tukajibanza nyuma ya mtungi uliokaa kando ya moto, tukabandika masikio. Ndani mlisikika kama mvua ndogo juu ya mabati ya jirani. Kaka yangu alisema humo anaishi chura. Mimi, niliyezaliwa na wasiwasi, nilitaka kujua kama amekula.

"Tokeni hapo! Asali haipendi kuchunguliwa," Kogo alitufukuza kwa mwiko, kisha akatupa masega tutafune mpaka taya ziume. Watoto wa siku hizi hutafuna bablishi za rangi zote, na ukiwaonyesha mzinga wanauliza unachajiwa wapi.

Juu ya meko kilining'inia kikapu cha rotinik, yale matunda ya porini marefu kama soseji, yaliyopasuliwa na kukaushwa. Ndiyo yanayochachusha asali. Kila pombe ilipoiva, Kogo aliyatoa, akayaanika, akayarudisha moshini. Aliyapata kwa mama yake.

Mwezi uliopita dada yangu Chelangat alipata mchumba. Wazee wa pande zote mbili wangekuja kwa koito, siku ya kukubaliana mahari, na wazee hawapokewi kwa soda. Mikono ya Kogo siku hizi hutetemeka, kwa hivyo akanikabidhi mimi ndoo ya asali, ya mwisho kutoka mizinga ya babu, pamoja na nusu ya rotinik.

"Wewe ndiye umesoma," alisema.

Nimesoma kweli. Nilitazama video kumi na moja za wageni wanaotengeneza pombe ya asali nyumbani kwao, na wote walionya kuhusu vijidudu. Nikachemsha mtungi. Nikachemsha mwiko. Halafu, kwa usafi wangu, nikachemsha na rotinik.

Siku ya tatu baada ya kuzitia mtungini pamoja na asali, nilibandika sikio: kimya. Siku ya nne, kimya. Koito ilikuwa imebaki wiki moja, na asali nyingine haikuwepo. Nilinunua pakiti ya hamira ya mandazi nikaificha mfukoni. Nikitia, nani atajua? Na wazee wakijua? Na Chelangat akiaibika mbele ya wakwe kwa sababu yangu? Nilizunguka ule mtungi mpaka kuku wakanikwepa.

Mwishowe nilikwenda kwa Kogo, nikamkuta akipukuchua mahindi.

"Kogo, nilichemsha rotinik."

Alinitazama. "Ulichemsha? Na chumvi uliweka?"

"Hapana."

"Basi hata supu haikuwa."

Alicheka mpaka mahindi yakamwagika. Akapangusa macho. "Mimi ya kwanza niliweka karibu sana na moto, ikaharibika. Babu yako alikunywa hivyo hivyo akasema asante. Shusha hicho kikapu, chukua zilizobaki. Na usioshe! Huo uchafu unaoogopa ndio unafanya kazi."

Hamira nilimpa jirani anayepika mandazi. Simu niliiacha chumbani. Nilitumbukiza rotinik zikiwa na masizi yake, nikafunika mtungi, nikausogeza kando ya moto, si karibu sana.

Zamani tulisubiri kwa sikio; leo tunasubiri kwa kidole juu ya simu, tukiwauliza watu tusiowajua mambo ambayo nyanya anayajua, hapo ng'ambo ya ua. Nautamani ule utoto wa kuamini kuna chura. Lakini asubuhi ya pili nilipiga magoti nikabandika sikio, na mvua ndogo ilikuwa imeanza.

Sikuchungulia.