Walivyowasimamisha Watoto Wetu

Ninaikumbuka mpaka leo ile siku Zaituni aliporudi kutoka shule kabla ya wakati, mkoba kichwani, magoti yamejaa vumbi jekundu, akaniuliza hata kabla ya kunisalimia, "Mama, sisi ni nini?"

Mwanangu, Zaituni ninayemtaja ndiye mama yako mzazi. Alikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, shule ya msingi ya hapa Rwezamenyo, ndani ya Nyamirambo. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini mwaka uliotangulia. Najua hajawahi kukusimulia, na hatakusimulia. Mimi nitakusimulia, kwa sababu jana ulikuja na kitabu chako cha haki za watoto, ukanisomea kwa sauti nzuri kwamba kila mtoto afundishwe bila kubaguliwa, na Jumatatu unaingia darasani kuwa mwalimu. Umesoma vizuri, nimejivuna kwa majirani wote. Mimi niliishia darasa la pili, nasoma kwa kufuatisha kidole. Lakini jambo hilo nalijua kwa upande wake mchafu, na nataka uujue kabla hujashika chaki.

Ilikuwa hivi. Mwalimu anasimama mbele ya darasa anasema, Wahutu simameni. Watoto wengi wanasimama, anawahesabu, wanakaa. Watutsi simameni. Wanasimama wachache, wanatazama miguu yao, na wenzao wanageuka kuwaangalia kama watu wanavyoangalia mbuzi sokoni. Sisi wazazi tulikuwa tumefanyiwa hivyo hivyo tukiwa wadogo. Tuliona ni jambo la shule, kama kukaguliwa kucha.

Sasa watoto wa huku kwetu Nyamirambo, mtaa wa Waislamu, walikuwa wanamharibia mwalimu hesabu. Huku babu wa mtu alitoka Ujiji na mzigo wa vitambaa, akaoa hapa, akaswali hapa, akazikwa hapa. Ukimuuliza mtoto wa huku yeye ni nani, anakujibu Mswahili, anaona amemaliza. Yale mengine hatukuwa tunawafundisha nyumbani. Kwa hiyo siku hiyo walipoitwa Wahutu, Zaituni alikaa kimya. Walipoitwa Watutsi, rafiki yake Espe aliyekaa naye benchi moja akasimama, na Zaituni akasimama naye. Kila kitu walifanya pamoja hao, hata kifutio walikigawana kwa meno.

"Wewe kaa," mwalimu akamwambia. "Baba yako si yule Mwislamu fundi cherehani?"

"Ndiye."

"Basi wewe ni nani?"

"Mswahili."

Darasa likacheka. Mwalimu akadhani mtoto anamfanyia mzaha. Akamchapa mikono, akampigisha magoti uani, akamwambia asirudi mpaka ajue ubwoko wake, yaani kabila la baba yake.

Nilijifunga kitenge nikaenda. Jina la mwalimu yule nalijua, ila sitalitaja, halistahili pumzi yangu.

"Mama Zaituni," akasema, "huyu mtoto wako iko na kichwa ngumu."

"Kichwa amekitoa kwangu. Mikono iliyovimba ameitoa kwako."

"Kitambulisho ya baba yake, pale kwa ubwoko, inasema nini?"

"Kinasema anashona suruali. Hiyo uliyovaa aliishona yeye."

Watoto waliokuwa dirishani wakaficha midomo. Mwalimu akaona aibu, akashusha sauti. "Sawa, mama. Wewe iko fujo sana. Wakati ya kusimama, Zaituni abaki amekaa. Sitamuuliza tena."

Nilitoka pale shingo juu. Nikapika chapati siku ya kazi kama ya sikukuu, nikamhadithia kila mteja aliyekuja kupimwa nguo. Mama mkwe wangu alikuwa kwenye mkeka anachagua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza, "Na yule mwenzake?"

"Yupi, Mama?"

"Yule anayekula hapa kila Ijumaa. Na yeye atabaki amekaa?"

Nikageuza chapati iliyokuwa motoni.

"Basi hukuleta haki humu ndani, umeleta upendeleo. Usinikaribishe chapati zake."

Alirudi kwenye maharage yake. Mimi nilikasirika, nisikufiche, maana nilikuwa na miaka thelathini na nilitaka kusifiwa. Lakini kesho yake nilirudi shuleni, na safari hii nilikwenda moja kwa moja kwa diregiteri, mkuu wa shule. Mtu wa tai huyo, mpole, akanipa kiti. Nikamwambia mtoto yeyote asisimamishwe, si wangu wala wa nani.

"Mama, haya mambo yanatoka juu."

"Juu wapi? Mimi juu naona mabati."

Akacheka kidogo kwa adabu, kisha akaacha kucheka. Akaniambia nikiendelea, watu wataanza kuuliza kwa nini mke wa fundi anawatetea maadui wa nchi. Maadui wenyewe walikuwa darasa la tatu, mwanangu. Walikuwa hawajajua kufunga kamba za viatu.

Nikawapitia wazazi mlango kwa mlango, nikitaka twende wengi pamoja. Mmoja alikuwa na nguo za kufua. Mwingine mumewe hakupenda mambo ya siasa. Mwingine, tena aliyeniazima sufuria asubuhi hiyo hiyo, alinijibu, "Wangu anasimama na walio wengi, hana shida." Nilimrudishia sufuria yake bila kuiosha.

Mwisho nikafika kwa Mama Espe, aliyekuwa akiuza mkaa kona ya barabara. Alinishika mkono akanivutia nyuma ya magunia.

"Dada, nakuomba uache."

"Niache vipi? Ni mtoto wako huyu."

"Ndiyo maana. Wewe ukipiga kelele unarudi kwako kula. Mimi nikitajwatajwa, nitakwenda wapi?"

Nikaacha. Yule mama sikumlaumu na simlaumu. Nawalaumu waliomfikisha mahali pa kuogopa kutetewa, na wale waliokuwa wakifua nguo.

Muhula uliofuata watoto wakasimamishwa tena. Espe akasimama, na Zaituni, mwenye ruhusa yake ya kukaa, akasimama.

"Wewe nilikuruhusu," mwalimu akasema.

"Nasimama tu, Mwalimu."

Akachapwa. Muhula mwingine tena hivyo hivyo, akachapwa. Nilikuwa naiweka mikono yake kwenye maji ya chumvi, na siku moja nikamuuliza kwa nini hakai wakati nilimpigania akae. Akanijibu kama mtu anayeeleza jambo dogo, "Espe akisimama peke yake anatetemeka, benchi lote linatikisika. Siwezi kuandika."

Mwezi wa nne wa mwaka tisini na nne sitakusimulia wote. Nitakupa kipande kinachohusu shule, basi.

Mauaji yalipoanza kuwafikia Watutsi wa mtaa wetu, Mama Espe alimtuma mtoto aje kwetu asubuhi. Huku kwetu nyumba nyingi zilikuwa zimeficha watu. Espe alikuwa amevaa mtandio wa Zaituni, na alibakiza barabara moja tu kuvuka. Mimi nilikuwa mlangoni upande wa pili, nimenyoosha mkono. Pale barabarani wauaji walikuwa wameweka kizuizi, na mwenye panga hakuwa mtu wa mtaa huu. Alimtazama Espe kichwani, akatazama mtandio. Mtoto hana kitambulisho, utamjuaje. Akasema, "Hii ni toto ya Waislamu, pita."

Espe akapita. Alikwisha pita.

Pembeni ya wale watu alikuwepo mvulana wa darasa lake, mmoja wa wale wa benchi la nyuma. Hakuwa na silaha. Akasema, kwa sauti ile ile ya mtoto anayejua jibu, "Huyo shuleni husimama na Watutsi."

Wakamrudisha. Wakamuua pale pale, nami naona. Mama yake walimuua mchana.

Nimeishi na sauti ya yule mvulana kuliko ya mwenye panga. Mwenye panga hakujua. Yule mtoto ndiye aliyejua, na hakuzaliwa anajua. Alifundishwa, darasani, na mtu aliyelipwa mshahara wa kufundisha. Mwalimu alikuja kufungwa kwa mambo aliyoyafanya wakati wa mauaji. Kwa kuwasimamisha watoto miaka yote ile hakuna aliyemuuliza, na sidhani kama mwenyewe aliwahi kujiuliza.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, unapoingia huko na kitabu chako. Haki za watoto usiwasomeshe kama shairi la kukariri mgeni akija. Usimsimamishe mtoto mbele ya wenzake kwa jambo ambalo hakulichagua: si kabila, si dini, si baba aliyekimbia, si kiatu alichokosa. Wakikuletea agizo la kufanya hivyo, hata likiwa na mhuri, kataa siku ya kwanza, maana siku ya pili litakuwa desturi na wewe utakuwa unaliona kama kukagua kucha. Mzazi akija kukugombeza kwa ajili ya mtoto wake, usimnyamazishe kwa kumpa wa kwake nafuu. Badilisha kwa wote, au mwambie ukweli kwamba umeshindwa. Na ukimwona mtoto amesimama na mwenzake bila kuambiwa, weka fimbo chini. Huyo amekutangulia katika somo, mwache alimalize.

Mwenyezi Mungu akupe koo lisilochoka na shingo ngumu mbele ya wakubwa. Watoto utakaopewa awarudishe wote jioni, wazima, kila mmoja kwa mama yake. Amina, mwanangu, nenda kafundishe.