Vipande Vinane vya Alwine

Amesaini! Baba yake Alwine amesaini ile barua, kwa mkono wake mwenyewe, na wino ukamwagikia meza. Lakini kabla ya hapo, jamani, yule mzee alimchosha mtoto wa watu.

Mwaka 1850 huo. Barua ilitoka kwenye chuo kinachofundisha wasichana kuendesha zile shule mpya za watoto wadogo, zile za kujifunza kwa kucheza, zinazoitwa bustani ya watoto. Alwine, miaka kumi na tisa, alikuwa amepata nafasi. Masharti mawili tu: baba asaini, na msichana aje na sanduku lake la vipande vinane vya mbao, vyote sawasawa, ambavyo ukivipanga vinakuwa mchemraba mmoja.

Na baba ni Traugott, fundi midoli, mkali wa kazi kuliko wote huku kwetu Thuringia, Ujerumani. Alwine akaona kazi imekwisha. Wapi.

Kwanza mzee alicheka wiki nzima. Kila mteja anayeingia karakana anaambiwa binti yangu anaenda kusomea kucheza, miezi sita. Halafu akaleta sanduku. Kila kipande amekipaka rangi: huku askari, huku kuku, huku mfalme ana masharubu. Alwine akamweleza taratibu kwamba kipande kinatakiwa kitupu, maana mtoto leo atakifanya kiti, kesho kisima. Ukishamchorea askari kitabaki askari mpaka kiama. Mzee akasema mdoli bila rangi haununuliwi. Siku tatu baadaye akarudi na vipande vitupu, visafi kabisa, ila amevigandisha kwa gundi, vimekuwa kanisa zima.

"Nimemrahisishia mtoto," akasema, anajisikia kwelikweli.

Alwine akaenda kulia jikoni, wala si kwa huzuni, kwa hasira.

Mama yake, Ernestine, alikuwa anaviringisha madonge ya viazi. Akanawa mikono, akaenda karakana.

"Baba Alwine, ufundi wa mbao ulijifunza miaka mingapi?"

"Mitano. Na makofi juu."

"Mbao, miaka mitano. Mimi watoto sita nilipewa bila kufundishwa hata siku moja. Nilikuwa nabahatisha tu, na mpaka leo sijui nilipatia wapi."

Mzee akanuna. Lakini kesho yake akaleta vinane vitupu, vimekatwa hivi kwamba hata unyoya haupiti katikati. Ila kusaini, hapana, mpaka aone hicho kinachohitaji kusomewa ni kitu gani.

Basi Alwine akamketisha Mine, mdogo wake wa miaka minne. Akapindua sanduku juu ya meza, akalinyanyua polepole, mchemraba ukabaki mzima. Akaweka mikono mgongoni, akanyamaza. Sheria ni moja: hakuna kipande kinachoachwa nje.

Mzee hakuweza. Mine akigusa kipande, yeye kashapeleka mkono. Hapo si pake. Itaanguka hiyo. Anza na ukuta. Mine akavisukuma vyote, akajificha chini ya meza.

"Baba, kalia mikono."

"Niikalie mikono yangu? Mimi?"

"Mpaka Mine amalize tu, Baba. Jaribu."

Akaikalia, mtu mzima, masikio yamemwiva. Mine akatoka, akajenga, polepole mpaka inakera, kitu kirefu kimepinda. Vipande saba. Mzee alifungua mdomo mara nne, akaufunga mara nne.

"Na hiki kimoja?" Alwine akauliza.

Mine akakiweka pembeni, kikiegemea kile alichojenga. "Huyo baba. Amekaa. Ananisubiri."

Mzee akaitoa mikono alikokuwa ameikalia.

"Hiyo ya kunyamaza," akasema, "wanafundisha miezi yote sita?"

"Hiyo na mengine."

"Mimi ningefeli. Lete kalamu."

Jumatatu Alwine akaondoka. Kule chuoni, mbele ya wenzake wote, akapindua sanduku lake: vinane, vitupu, sawasawa. Akachungulia ndani ya sanduku. Chini kabisa, mzee kachora kuku, kampaka na rangi.

Kama unamjua mtu mwenye mzee wa hivi nyumbani, mtumie hii.