Jibu la Pili la Pikapu ya Baba

Juzi kijana wa kituo cha mafuta alichomoa stiki ya kupimia oili kwenye gari langu, akaitupia jicho mara moja, akasema, "Iko safi, dada." Nikajikuta nimerudi utotoni Mlowo, uani kwetu, kando ya pikapu ya Baba.

Mchana ule Baba alikuwa na haraka ya kufikisha mahindi Tunduma. Boneti ilikuwa wazi, na harufu ya oili ilichanganyika na ya magunia. Kila safari alikuwa anachomoa stiki, anaifuta kwa kitambaa, anairudisha, kisha anaichomoa tena. Mimi niliamini gari hudanganya mara ya kwanza, na kule kufutwa ndiko kukaripiwa.

Siku hiyo alichomoa mara moja tu. Stiki ilikuwa nyeusi hadi juu.

"Imejaa, twende!"

"Baba, hujaliuliza mara ya pili!" nilipiga kelele, nikiruka-ruka.

Alicheka, akaifuta kunifurahisha tu. Ilipotoka tena, ilikuwa imelowa nchani, chini kabisa ya alama. Baba akaenda kuchukua kopo la oili. Alipomaliza kuongeza oili, alipaza sauti kuelekea jikoni: "Mama Tumaini! Mwanao leo anakaa mbele!"

Sasa najua kwamba injini ikizunguka, oili huruka na kuipaka stiki yote. Kwa hiyo nilimwomba yule kijana aifute, airudishe. Hata hivyo, kabla hajaichomoa, niliinama nikalinong'oneza gari: "Haya, sasa sema kweli."