Bomba Lililopita Uani kwa Baba

Baba alikuwa seremala, na kiwanja chetu pale Njombe kilikuwa kwenye mteremko, chini kidogo ya nyumba za serikali walimokaa maofisa wa Kizungu. Ardhi ile aliirithi kwa babu, na babu aliirithi kwa baba yake, enzi ambazo kule juu hakukuwa na nyumba wala bendera, malisho tu. Miaka michache kabla ya Uhuru, nyumba zile zilitiwa vyoo vya kuvuta. Maji yake yalihitaji pa kwenda, yakapangiwa kupita kwetu.

Hakuna aliyetuambia. Mama alitoka asubuhi kukata majani ya ng'ombe, ukungu ukiwa bado umelala chini, akajikwaa kwenye kigingi kilichopakwa chokaa. Mbele yake kulikuwa na kingine, na kingine, mstari mmoja ulionyooka kupitia katikati ya mianzi yetu hadi bondeni. Ulipita pale pale baba alipotaka kumjengea bibi, yaani mama yake, chumba. Matofali alikwisha kuyachoma. Bibi alikuwa akiishi peke yake Matembwe, macho yamefifia, na baba alimwahidi kumleta kabla ya miezi ya baridi.

Mimi wakati huo nilikuwa nafundisha darasa la kwanza upande wa Kidugala, nimekuja nyumbani kwa likizo. Baba akaniambia tufuatane bomani.

"Wewe umesoma," alisema. "Wakiniwekea karatasi mbele, uiangalie."

Mara ya kwanza karani alisema Bwana Shauri, yule ofisa wa wilaya, yuko safarini. Mara ya pili alisema mambo ya ardhi za wenyeji ni ya baraza la mtwa, yaani chifu wetu. Kwenye baraza wazee walitusikiliza kwa adabu, kisha wakasema mabomba ni kazi ya Bwana Afya. Na Bwana Afya, tukaambiwa, yuko Makambako anakagua mabucha. Tukapanda lori la mbao, tukafika na vumbi hadi kwenye kope, tukaambiwa ndiyo kwanza ameondoka kurudi Njombe. Baba alikaa juu ya gogo kando ya barabara, akacheka kidogo. Tulikaa hapo mpaka tulipopata lori la kurudi.

Tulipokwenda tena bomani, Bwana Shauri alitupokea. Alikuwa kijana, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha baba. Hakuwa mkali.

"Mzee, ardhi ni ya Serikali," alisema. "Lakini hatukufukuzi. Bomba litalala chini sana. Tutafukia, nawe utalima maharage yako juu yake."

"Na chumba cha mama yangu, Bwana?"

"Karani atakueleza."

Karani alitandaza mezani karatasi ya Kiingereza. "Inasema usijenge kwenye mstari mpaka kazi iishe," alisema. "Tia sahihi hapa."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega la baba. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, lakini kwa karatasi ile kilitosha. Ilisema kusijengwe nyumba wala kupandwa mti hatua kumi kila upande, siku zote, na kwamba watu wa serikali waingie wakati wowote watakao. Haikusema mpaka kazi iishe. Karani alinitazama. Bwana Shauri alitazama saa yake. Nyuma yetu watu waliokuwa wakingoja walijaa hadi nje.

Baba akanigeukia, akaniuliza kwa Kibena, "Ni hivyo?"

"Ni hivyo, baba," nikamjibu.

Miaka mingi nimewaambia watu kwamba niliogopa. Si kweli. Nilikuwa nimechoka tu, nilitaka twende nyumbani.

Wafungwa walikuja kuchimba. Walikata mianzi, wakaacha mtaro wazi, kwa kuwa mabomba yenyewe yalikuwa hayajafika. Masika yote ulikaa wazi, umejaa maji mekundu. Mtamba wetu aliteleza akatumbukia, akavunjika mguu, na baba akamchinja mwenyewe pale pale. Mabomba yalipofika yakalazwa, udongo ukarudishwa, na baba, akiamini kazi imekwisha, akaanza kujenga. Ukuta ulikuwa umefika magotini Bwana Afya alipokuja na tarishi, mkononi ana ile karatasi. Akamwambia baba abomoe.

Nilikuta habari hiyo niliporudi likizo. Baba alikuwa amechuchumaa anakwangua udongo kwenye matofali, anayapanga kando moja moja yasivunjike. Nilichuchumaa karibu naye, nikamwambia yote: kwamba siku ile niliisoma karatasi, nikaielewa, nikaficha.

Aliendelea kukwangua.

"Hata ungesema," alisema mwishowe, "ningetia sahihi. Ningefanya nini? Nirudi tena Makambako?" Akanipa tofali. "Shika. Pale kwenye ukuta wa jiko patatosha kitanda."

Basi bibi alijengewa kichumba kilichobanana na jiko, mlango ukielekea upande unakotoka upepo. Alikuja baridi ikiwa imekwisha kuanza, amejifunga blanketi mbili, akapapasa kuta, akasema ni nyumba nzuri. Siku ambazo bomba liliziba, maji machafu yalifumuka kwenye kifuniko cha shimo la bomba pale uani na kutambaa hadi kwenye bustani ya mboga, na bibi aliuliza ni mnyama gani aliyefia karibu. Mama alijibu ni bomba. Kesho yake bibi aliuliza tena.

Kila lilipoziba, baba alivaa koti lake la kanisani akapanda bomani kuripoti. Waliandika kwenye daftari, wakamwambia watakuja. Walikuja mara mbili. Baadaye akaacha kwenda. Alichonga mti mrefu wenye ncha bapa, akawa anafungua kifuniko mwenyewe na kuzibua, uso ameugeuzia pembeni, kisha ananawa kwa majivu na kurudi kwenye randa yake.