Glavu za Saluni

Saluni yetu ya Isipingo, huku ugenini, iko jirani na stendi ya taksi, na humo glavu ni za msusi. Nikimpaka mteja dawa ya kunyoosha nywele, zinazuia vidole vyangu visichubuke. Mteja atajijua mwenyewe. Kwa akili hiyohiyo niliingia wodi ya walioungua kumwona mdogo wangu, aliyelipukiwa na jiko la mafuta ya taa.

Mlangoni nesi alinipa aproni na glavu. Nikajiona nimekingwa. Nikamlisha mdogo wangu, nikamweka sawa mto na bandeji ya begani. Nilipoaga, akaninong'oneza kwa lahaja ya kwetu, ambako yaya ni dada mkubwa, "Yaya, salimia na ule maman. Haiko na mutu wa kumuonaka."

Mama mwenyewe alikuwa Mzulu, mtu mzima, kitanda cha pili, akingoja kupandikizwa ngozi mguuni. Kwetu kutoka chumbani bila kumpa kila mtu mkono ni kiburi kikubwa. Nikampa mikono yote miwili, na glavu zilezile. Ikawa ndiyo desturi yangu kila nikija, na moyoni najisifu kwamba mimi si mtu wa kuringa.

Siku nesi aliponikuta nimemshika mikono, wodi nzima iligeuka. "Eish, sisi! Unafikiri hizo glavu ni za kukulinda wewe?" alifoka; sisi kwao ni dada.

Nilimjibu hovyo, nikasema mnatudharau wageni. Akanivuta pembeni. Majibu ya mdogo wangu yalikuwa yametoka asubuhi ile: kidonda chake kina vijidudu visivyosikia dawa. Ukitoka kwa mgonjwa mmoja unavua glavu, unanawa, ndipo unamgusa mwingine. Hasira yote ikaniishia.

Yule mama alipopimwa, naye akakutwa navyo. Operesheni yake ikaahirishwa, akahamishiwa chumba cha peke yake. Nesi alisema huenda havikutoka kwangu, njia ni nyingi. Alisema kwa huruma, na huruma yake ilinichoma kuliko zile kelele.

Mdogo wangu alipona, akarudi nyumbani. Jana nilirudi hospitali kwa yule mama kumwambia ukweli na kumwomba msamaha. Nilisimama mlangoni, mikono nimeificha nyuma. Kabla sijafungua kinywa, akaninyooshea mkono wake.

"Njoo, mwanangu," alisema kwa Kizulu. "Humu ndani ni wewe peke yako uliyekuwa ukinishika mkono."