Seva Iliyonyamaza Miezi Mitatu

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, nikiwa kijana wa kompyuta katika hospitali moja hapa Karagwe, nikijiona fundi kuliko mafundi wote. Kumbukumbu za wagonjwa zilikaa kwenye seva ya hifadhidata, na kila ilipopata shida iliandika ujumbe katika daftari la mfumo, lile faili la matukio yake. Iliandika mno. Diski inajaa, diski inajaa, kutwa nzima. Ikanichosha, nikabadili mpangilio ili jumbe zake zisiandikwe tena. Daftari likawa safi, nami nikasahau.

Hata ikafika siku hiyo ya masika, kumbukumbu zikagoma kufunguka. Mama mmoja wa Nyakakika, mwenye mimba ya miezi minane, alikaa kwenye benchi akisubiri majibu ya damu yake, nayo yalikuwa humo ndani. Nikasoma daftari, sikuona neno. Nikamwambia daktari kwamba hifadhidata ni nzima. Usinicheke sana.

Mkuu wangu, Mzee Rwegasira, mtu wa Muleba, akaitwa, akashuka basi mjini Omurushaka, akaja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila hata kukaa.

"Ujumbe wake wa mwisho ni wa lini?"

Nikatazama. Ulikuwa wa miezi mitatu nyuma.

"Wewe ni mtoto wa wafugaji wa Kituntu," akasema taratibu. "Ng'ombe aliyezoea kulia kila jioni akinyamaza, baba yako huenda kulala?"

Nikaungama. Akarudisha mpangilio, akatuma ujumbe wa majaribio, ukaonekana; nyuma yake vikafuata vilio vya diski iliyojaa. Tukaipunguzia mzigo, na mchana yule mama akapata majibu yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeficha hata yasiyo yangu.

Mzee alipostaafu alirudi kwao Muleba. Kila Jumamosi alinipigia simu kunitania: "Imesema nini wiki hii?" Kisha simu zikakoma. Nikajiambia mzee anapumzika, yu mzima. Nilipokuja kupiga mimi, alipokea binti yake, akaniambia walikuwa wameshamzika. Sauti ile naitamani hadi leo, Jumamosi hasa, simu ikiwa mezani.

Basi mwanangu, ukikuta daftari halina neno, usifurahi. Uliza ujumbe wa mwisho ni wa lini, tafuta ni nani aliyezuia mwingine usiandikwe, kisha tuma wa kwako uone kama unafika. Na kwa watu fanya vivyo hivyo, upesi kuliko nilivyofanya mimi. Mungu akujalie wazee wa kukusumbua, na akupe moyo wa kuwatafuta wakingali na sauti.